Kaa wa Bahari na Kaa la Moto: Maandishi Matupu, Maandishi ya Mapambo na Lahaja ya Chijomvu

"Mtoto ameshika kaa." Sentensi hii ya maneno matatu ikiletwa kwa barua-pepe kutoka Jomvu Kuu, msomaji aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hana namna ya kujua iwapo mtoto huyo anacheza au yumo hatarini. Huenda ameshika kaa wa mikokoni (ingawa huyo naye hubana). Huenda ameshika kaa la moto. Mzee aliyeitamka sentensi hiyo hakuwa na utata wowote. Kaa wa bahari humtamka kwa pumzi inayofuata sauti ya k, na kaa la moto hulitamka bila ya pumzi hiyo. Utata umezaliwa njiani, baina ya mdomo wa mzee na kioo cha tarakilishi, na aliyeuzaa ni mwanafunzi aliyeketi na daftari lake akaandika kama alivyofundishwa shuleni.

Suala la namna ya kuandika ujumbe wa tarakilishi limejadiliwa sana na watu wa mataifa mengine, hasa tangu barua-pepe zenye mapambo zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1990. Upande mmoja wapo wale wanaoshikilia matini tupu: herufi, nafasi na alama za uakifishaji, basi. Hoja yao ni kwamba matini tupu hufika popote, haichagui programu ya mpokeaji, haina uzito na haiharibiki. Upande wa pili wapo wanaotaka matini iliyopambwa: herufi koza, herufi za mlazo, rangi, majedwali na fonti za kila namna. Hao husema kwamba hakuna sababu ya kumnyima msomaji wa leo kile ambacho mpiga chapa alimpa msomaji wa zamani. Katika vyuo vyetu mjadala huu umechukuliwa kuwa ni wa mafundi wa mitambo, usiomhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Dhana hiyo ina kasoro kubwa, na mahali pa kuionyesha kasoro hiyo ni Jomvu Kuu.

Jomvu Kuu ni mji wa kale ulioko bara ya Mombasa, upande wa magharibi, kando ya mkono wa bahari wenye mikoko. Wajomvu ni mmojawapo wa miji ya Tisa Taifa katika Thenashara Taifa ya Waswahili wa Mombasa. Kiutawala mahali hapa palikuwa katika eneo la ubunge la Changamwe hadi eneo la Jomvu lilipotengwa na kupata mbunge wake katika uchaguzi wa 2013. Lugha yao, ambayo wengine huiita Kijomvu na wenyewe Chijomvu, iliandikiwa kijitabu na H. E. Lambert mwaka 1958, pamoja na Kingare, katika mfululizo wa masomo ya lahaja uliotolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hicho kiambishi chi- mahali pa ki- kimo katika jina la kijitabu chenyewe. Jambo hilo linafaa kuzingatiwa na kila mtafiti ambaye leo hurekebisha chi- za wazee kuwa ki- kwa kuhofia msimamizi wake atadhani ni makosa ya chapa.

Kama ilivyo katika lahaja za Mombasa kwa jumla, Chijomvu hutofautisha sauti ambazo tahajia sanifu haizitofautishi. Kwanza kuna mpumuo. Paa la nyumba halina mpumuo. Paa wa mwituni anao. Chungu cha kupikia hakina. Chungu watambaao ukutani wanao. Pili kuna t ya meno na t ya ufizi, na vivyo hivyo d, ambazo katika tahajia sanifu huandikwa kwa herufi moja moja.

Wapo watakaosema kwamba tofauti hizi ni za matamshi tu na kwamba kila mtu ana lafudhi yake. La hasha. Mpumuo katika maneno haya ni mabaki ya nazali ya ngeli ya N iliyomezwa na konsonanti isiyo ghuna iliyoifuata. Ndiyo maana paa wa mwituni, aliyemo katika ngeli hiyo, ana mpumuo, ilhali paa la nyumba, lililo katika ngeli ya LI-YA, halina. Upanga mmoja, panga mbili: panga hizo zina mpumuo. Panga moja la kufyekea halina. Ukuta ukiwa mmoja huitwa ukuta, zikiwa nyingi ni kuta, zenye mpumuo. Kitenzi kuta, cha kukutana, hakina. Kwa hiyo mzee wa Jomvu Kuu anapopumua baada ya p au k anataja ngeli ya nomino yake. Anayemnukuu bila ya alama yoyote amefuta kipande cha sarufi, kisha huandika katika sura ya nne ya tasnifu yake kwamba lahaja hii "haitofautiani sana na Kiswahili sanifu."

Tatizo hili ni la kale kuliko tarakilishi. Waswahili walipoandika kwa herufi za Kiarabu, herufi walizozipokea hazikuwa na p, wala ch, wala v, wala g. Mwandishi wa hati za zamani alitumia ba mahali pa p, na alama moja ya irabu kwa e na i, na moja kwa o na u. Msomaji alijaziliza kwa ujuzi wake. Baadaye wataalamu wa Mombasa, akiwemo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, walishughulika kuziongezea herufi hizo alama ili Kiswahili kisomeke kama kinavyotamkwa. Kwa upande wa herufi za Kirumi, mmisionari W. E. Taylor alipochapisha kitabu chake cha methali za Waswahili mwaka 1891 alitumia tahajia iliyojaribu kuonyesha mpumuo na tofauti ya sauti za meno na za ufizi. Taylor hakuyajua hayo peke yake. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye bila ya yeye sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka bin Haji isingetufikia. Karatasi za Taylor ziko London, katika maktaba ya SOAS.

Kisha ukaja usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikaendeleza kazi hiyo. Ni kinaya kwamba uamuzi wa kuiweka kando Kimvita ulifikiwa katika mji wake wenyewe, lakini hilo limekwisha kusemwa na wengi, na hapana haja ya kulilia tena hapa. Kinachohusu makala haya ni kwamba tahajia iliyopitishwa haikuweka alama ya mpumuo wala ya meno. Iliweka alama moja tu iliyo nje ya herufi za kawaida: ile ritifaa inayotenga ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Alama hiyo moja itarejelewa hapa chini, kwa sababu ndiyo ufunguo.

Tarakilishi zilipokuja, zilikuja na mfumo wa ASCII, ulioasisiwa Marekani mwaka 1963, wenye nafasi 128, ambazo kati yake 95 ndizo zenye kuchapika. Mfaransa na Mjerumani walilalamika kwa kukosa herufi zao. Mswahili hakulalamika, kwa kuwa tahajia sanifu yote, pamoja na ng', inaenea ndani ya nafasi hizo 95 na kubakiza. Bahati hii imesifiwa mara nyingi, na kwa haki. Ila bahati ya Kiswahili sanifu haikuwa bahati ya Chijomvu. Herufi ambayo haikuwemo katika tahajia sanifu haikuwemo katika mashine ya kupigia chapa, na haikuwemo katika barua-pepe.

Hapo ndipo mapambo yalipojitokeza kuwa dawa. Baadhi ya watafiti waliamua kuiandika t ya meno kwa herufi ya mlazo na t ya ufizi kwa herufi ya kawaida. Wengine walipigia mstari chini. Wengine, hasa katika miaka ya 2000, walitumia fonti maalumu ambazo ndani yake nafasi ya herufi fulani ya Kifaransa ilichorwa upya iwe t yenye nukta. Kwenye karatasi iliyochapwa mambo haya yote yalipendeza. Barua-pepe ilipofika kwa mtu asiye na fonti ile, badala ya t yenye nukta alikuta herufi ya Kifaransa katikati ya neno la Kiswahili. Aliyenakili matini na kuibandika katika programu nyingine aliona mlazo wote umetoweka na t zote zimekuwa ndugu. Hapakuwa na onyo. Matini ilionekana nzima na safi, na katika kuharibika kwa data hakuna hali mbaya kuliko hiyo.

Kosa la watafiti hao halikuwa kutumia alama. Kosa lao lilikuwa kuiweka tofauti ya maana katika vazi la herufi badala ya kuiweka katika herufi yenyewe. Rangi, ukoza, mlazo na fonti ni mavazi: mpokeaji ana haki ya kuyavua, na mashine nyingi huyavua bila ya kuuliza. Kwa hiyo watetezi wa matini tupu wana haki katika jambo hili, na haki yao ni kubwa kuliko wanavyodai wenyewe. Wao hutetea wepesi na unadhifu. Katika lahaja zetu linalotetewa ni ukweli wa data.

Hata hivyo, watetezi hao nao hukosea wanapodhani kwamba matini tupu ni sawa na zile nafasi 95. Yunikodi ilianza kutolewa 1991, na namna ya kuisimba iitwayo UTF-8 ilibuniwa 1992. Leo ndiyo iliyotawala takriban kila mahali. Katika mfumo huo, t yenye kidaraja kidogo chini yake, kama wanavyoiandika wanafonetiki, ni matini tupu kabisa. Hainakiliwi kama vazi, hunakiliwa kama herufi na alama yake. Mgawanyiko wa kweli, basi, hauko baina ya usahili na wingi wa alama. Uko baina ya alama inayosafiri ndani ya matini na alama inayoning'inia nje yake.

Ushairi nao una neno lake hapa, kwa kuwa ndiko watetezi wa mapambo hukimbilia. Husema kwamba shairi la tarbia lina ukwapi na utao, kwamba vipande hivyo lazima visimame katika safu mbili zilizonyooka, na kwamba hilo haliwezekani bila ya jedwali. Hoja hii haisimami. Mshororo wa mizani 16, kila mizani ikiwa na wastani wa herufi mbili au tatu, pamoja na nafasi baina ya maneno, kwa kawaida hauzidi herufi 50. Kanuni za barua-pepe zilizotolewa 2001 na kurudiwa 2008 zinapendekeza mstari usizidi herufi 78. Mshororo mzima, kwa hiyo, unaingia katika mstari mmoja wa matini tupu na kubakiza nafasi. Na koma moja yatosha kuonyesha mahali pa kituo. Waandishi wa hati za zamani hawakuwa na jedwali. Tenzi nyingi ziliandikwa vipande vinne katika mstari mmoja mrefu, vikitengwa kwa alama ndogo, na wasomaji wake hawakupotea njia. Wanaopaka vina rangi nyekundu katika barua zao wangefaa kujiuliza ni msomaji gani wa ushairi wa Kiswahili asiyeweza kukisikia kina mpaka akione kwa rangi.

(Kuna mkato wa kupendeza katika historia hii. Waandishi wa matini tupu walipotaka kukazia neno waliliwekea alama ya nyota kila upande. Mwaka 2016 WhatsApp ilichukua desturi hiyo hiyo ikaifanya amri ya kukoza herufi, na hivyo tabia ya wapinga mapambo ikageuka kuwa kifungulio cha pambo.)

Sasa ritifaa. Ikiwa tahajia sanifu yenyewe imekubali ritifaa katika ng', hapana sababu ya kanuni inayozuia k'aa, p'aa, ch'ungu, p'anga na k'uta katika maandishi ya lahaja. Alama imo katika kila kibodi. Imo katika ujumbe wa simu, na hilo si jambo dogo: ujumbe mfupi wa herufi za kawaida huchukua herufi 160, lakini ikiingia herufi moja tu iliyo nje ya orodha ya simu, nafasi hushuka hadi 70. Mwanafunzi anayemwandikia nyanya yake Jomvu Kuu kumuuliza maana ya neno hulipia tofauti hiyo.

Sharti ni kwamba ritifaa hiyo iwe ile iliyonyooka. Programu za kuandikia, kwa kutaka kupamba, huigeuza yenyewe kuwa ritifaa iliyopinda. Kwa jicho ni alama moja. Kwa mashine ni mbili. Atakayetafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka katika matini yenye iliyopinda huenda akaambiwa kwamba ng'ombe hayumo. Na pale usimbaji ulipokosewa, kila mtu amewahi kuona ngâ€™ombe katika tovuti fulani akashangaa mnyama gani huyo. Ikiwa neno la kawaida kama hili huumia hivyo kwa pambo dogo, Chijomvu chenye ritifaa katika kila mstari kitaumia mara kumi. Idara zetu huwaagiza wanafunzi ukubwa wa fonti na upana wa pambizo hadi nusu ya sentimita, na hili la ritifaa haliagizwi popote. Lingefaa kuwa la kwanza.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Washairi wa Mombasa wamechapisha kazi kubwa bila ya alama hizi, Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo (1971) ikiwa mojawapo, na wasomaji wao wakaelewa. Muktadha huondoa utata, na upatanisho wa kisarufi husaidia: kaa huyu, kaa hili. Aidha, ukurasa uliojaa ritifaa huchosha macho. Pingamizi hili ni kweli kwa msomaji ambaye tayari anaisema lahaja. Huyo hahitaji alama, kama vile msomaji wa hati za kale hakuhitaji nukta za p. Lakini matini za utafiti hazikusanywi kwa ajili yake. Hukusanywa kwa ajili ya mtoto wa Jomvu, Miritini au Mikindani ambaye shule imempa Kiswahili sanifu, mtaa umempa Kiswahili cha watu waliotoka kila pembe ya nchi, na huenda akaifikia Chijomvu ya babu yake kwa njia ya maandishi tu. Mtoto huyo hatajua kwamba kuna pumzi iliyoachwa nje. Diwani ya mshairi na iandikwe apendavyo mshairi. Matini ya mtafiti ina deni jingine.

Inabaki t ya meno, ambayo haina suluhisho rahisi. Kuiandika kwa th haiwezekani, kwa kuwa th ni ya thamani na thelathini. Kuirudia herufi, tt, kutamtatiza msomaji na kuharibu hesabu ya anayepima mizani kwa macho. Kidaraja cha wanafonetiki ni sahihi lakini simu nyingi hazina njia nyepesi ya kukiandika, na si kila fonti hukichora mahali pake. Njia inayoelekea kufaa kwa sasa ni kuiacha t isiyo na alama iwakilishe ile sauti inayotokea mara nyingi zaidi katika matini zilizokusanywa, na kuitilia alama ile nyingine tu, kwa herufi ya Yunikodi yenye nukta au kistari chini, kisha kueleza uamuzi huo katika mstari wa kwanza wa faili, kwa matini tupu. Ni ipi kati ya hizo mbili inayotokea zaidi, hilo lahesabika. Mwanafunzi mmoja mwenye kurasa hamsini za masimulizi na subira ya wiki mbili aweza kulimaliza. Kabla ya kuzituma kurasa hizo kwa yeyote, azipeleke kwanza Jomvu Kuu zisomwe kwa sauti mbele ya wale waliozisimulia, naye asikilize ni wapi msomaji anakosolewa.